Kabla hujanunua sensa, mlipe fundi aufuate waya

Mhariri,

Wenzangu huomba nafasi katika ukurasa huu wazungumzie barabara, maji na bei ya mafuta. Mimi naomba nizungumzie waya mmoja, mfupi kuliko mkono wangu. Ukinivumilia, nao utatufikisha kwenye bei ya mafuta.

Ni fundi umeme wa magari, Kihonda, hapa Morogoro. Kazi nilifundishwa na marehemu mjomba wangu aliyekuwa akitengeneza stata na altaneta za malori, na huu ni mwaka wa 21 niko chini ya mwarobaini uleule. Ni mwanamke. Hilo nalisema mapema kwa sababu mteja mgeni akifika huniuliza fundi yuko wapi, nami humpa kiti asubiri. Halafu kwa sababu mkono wangu ni mwembamba, na upenyo ulioko nyuma ya manifodi ya ekzosi, pale bomba la moshi linapoanzia kwenye injini, haukutengenezewa mkono wa mwanamume. Kazi nyingi za kule nyuma naletewa na mafundi wenzangu, wengine usiku usiku ili wateja wao wasijue.

Barua nyingi ninazosoma humu zinasema mafundi ni wezi. Wapo. Wawili watatu nawajua, na hata pampu ya baiskeli nisingewaachia. Ila kuna hasara isiyo na mwizi ndani yake, na kwa nilivyoona mimi, hiyo ndiyo inayokula hela za watu wengi zaidi.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea Toyota IST, taa ya cheki injini inaingia mwezi wake wa nne, ikizimwa inarudi. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa na mfuko wenye sensa mbili za oksijeni. (Nyie wa gazetini mnaandika "kihisi", na ni neno zuri. Sisi gereji tunasema sensa, na si ile ya watu na makazi ya mwaka 2022, ingawa nayo kazi yake ni hiyohiyo: kwenda kuhesabu na kurudisha taarifa.) Moja ilikuwa ile iliyozaliwa na gari. Ya pili ilikuwa mtumba kutoka Gerezani, Dar es Salaam, shilingi 70,000 pamoja na kusafirishwa kwa basi. Ya tatu, mpya kabisa ya boksi, ilikuwa imefungwa kwenye gari, shilingi 240,000. Gereji ya kwanza ilipiga mashine ya kusoma hitilafu, ikapata namba P0135, ikabadilisha sensa, ikafuta namba. Taa ikakaa kimya siku tatu ikarudi. Gereji ya pili ikasema mtumba huo ni kibovu, anunue mpya. Akanunua. Taa ilirudi kabla hajavuka Msamvu.

Na mafuta je? Njia yake ya nyumbani na shuleni haijabadilika, lakini 40,000 iliyokuwa inamfikisha Jumapili ikawa inaishia Alhamisi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati na maji, inapotangaza bei kikomo, Mwalimu alikuwa akizilaumu hizo bei.

Sasa P0135 maana yake nini. Mashine inasema kwamba njia ya umeme ya hita ya sensa ya kwanza ya oksijeni ina hitilafu. Njia! Inaanza kwenye fyuzi, inapita kwenye relei (swichi inayowashwa kwa umeme), inafuata waya, inaingia soketi, inapita kwenye hita iliyo ndani ya sensa, inatoka, inaishia kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Sensa ni kituo kimoja tu katika safari hiyo. Fundi aliposoma "sensa" akasimama hapo, kama mtu aliyeambiwa "ajali barabara ya Dodoma" akaenda kumkamata dereva wa kwanza aliyemkuta stendi.

Hita hiyo ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Sensa ya oksijeni imechomekwa kwenye ekzosi, inaonja moshi uliobaki baada ya petroli kuungua, inaiambia kontroli boksi kama mafuta yamezidi au yamepungua. Inasema kwa volti ndogo sana, kama 0.1 mafuta yakiwa machache hadi 0.9 yakiwa mengi. Lakini ikiwa ya baridi haisemi kitu. Mpaka ichemke kupita nyuzijoto 300 hivi. Ndiyo maana imewekewa hita yake, isikae kungoja moshi uipashe. Hita ikikosa umeme, kontroli boksi inapika bila kuonja, na mpishi asiyeonja huzidisha. Alhamisi ya Mwalimu ilitoka hapo.

Niliacha gari lipoe kwanza. Anayechungulia waya wa ekzosi injini ikiwa ya moto anafikiria ngozi yake, hafikirii waya. Nikashika kioo cha kujipodolea na tochi ya simu, nikapitisha mkono.

Bati la kukinga joto halikuwepo. Zilikuwepo bolti mbili zilizokatikia ndani, zimeota kutu. Klipu inayoushikilia mkono wa nyaya, yaani fungu lake zima, mbali na bomba haikuwepo. Nyaya zenyewe zilikuwa zimejilaza juu ya ekzosi kama nyoka anayeota jua. Soksi yake, ile ala inayozifunika, ilikuwa imekauka kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango, nilipoigusa ikapukutika. Ndani, mipira ya nyaya mbili ilikuwa imeyeyuka ikashikana, inang'aa, ina malengelenge.

Hapa niweke mabano kwa wale wanaosema kila waya uliochunika ni panya. Morogoro yetu ina panya waliosoma. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na dunia nzima inawajua. Hawa wa Kihonda hawakwenda shule, wanakula nyaya. Lakini panya anaacha alama ya meno, shaba iko peupe na inang'aa, na chini yake kuna makombo ya mpira na mavi. Joto haliachi makombo. Linaacha mpira mgumu uliopasuka, au uliolainika ukashikana na jirani yake, na shaba iliyogeuka nyeusi. Ukishaona tofauti mara mbili hutauliza tena.

Nikachomoa soketi, nikapima hita ya sensa mpya: ohmu 13. Nikapima zile mbili za mfukoni: 13 na 14. Nzima zote tatu. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu, akaniomba nirudie. Nikarudia.

Kisha nikageukia upande wa gari. Swichi imewashwa, mita kwenye waya unaoleta umeme wa hita: volti 12. Hapa ndipo wengi hufunga daftari. Mita imesema umeme upo, basi waya mzima, basi sensa ndiyo mbaya. Nadhani gereji zote mbili zilifika hapa, kama zilipima kabisa.

Mimi nina balbu ya indiketa ya wati 21 niliyoichomea nyaya mbili, mjomba aliniachia wazo hilo kuliko alivyoniachia spana. Nikaiunga pale mita ilipokuwa. Ilipaswa iwake mpaka uifumbie macho. Ikawaka wekundu tu, kama ncha ya udi. Nikautikisa waya, ikazima.

Mita haiombi kitu kwenye waya. Inachungulia tu. Hita inaomba karibu ampea moja, balbu inaomba karibu mbili, na waya uliobakiwa na nyuzi tatu za shaba hauwezi kuzitoa. Chukua bomba la maji lililojaa mchanga: ukilifunga mbele na kusubiri, presha itapanda kama kawaida. Lifungue ujaze ndoo ndipo utakapojua. Kijana wangu wa kazi alielewa habari hii siku nilipomtuma maji, si siku nilipomchorea.

Tukachomoa hasi ya betri, nikaanza kukata. Hapa watu hukosea kwa huruma. Wanakata pale palipoungua, wanaunga. Lakini joto husafiri ndani ya shaba kupita pale unapopaona. Unachuna mpira, ukikuta shaba nyeusi unakata tena mbele, unachuna, ya kijivu, unakata tena, mpaka uikute inang'aa na nyuzi zake zinajikunja bila kukatika. Kwa Mwalimu nilifika sentimita 30. Nikatoa nyaya zote nne, hata zile mbili zilizokuwa hazijafa, kwa kuwa zimekaa jiko moja.

Waya wa kurudishia niliukata kwenye mkono wa nyaya za injini ya gari la aina hiyohiyo lililokatwa spea, unene uleule, kwa maana waya wa injini umevikwa mpira unaostahimili joto kuliko huu wa mitaani. Sikuunga zote mahali pamoja. Kila kiungo nilikisogeza mbele ya mwenzake, ili nisipate nundu moja nene, na ili siku mpira wa kiungo kimoja ukipasuka kisikutane na cha jirani. Nikazibana kwa tamino, kile kibanio cha kuungia nyaya, na koleo lake, si kwa meno wala plaisi, nikavisha mpira ule unaosinyaa ukipashwa moto, juu yake soksi ya nyuzi za kioo. Nikaacha ulegevu kidogo kwa sababu injini hucheza kwenye maungio yake unapoondoa gari. Halafu nikatafuta klipu, na jirani yangu mchomeleaji akanikatia bati. Bati lisiguse ekzosi. Kinachozuia joto ni bati pamoja na hewa iliyo katikati, na ukilibana likagusa bomba, umeongeza jiko tu.

Balbu ya wati 21 ikawaka nikaifumbia macho.

Basi Mwalimu akaniuliza, kwa adabu zote:

"Samahani dada, sasa hapa umebadilisha nini?"

"Nyaya nne, Mwalimu, sentimita 30 kila mmoja. Na bati."

"Na sensa?"

"Sensa yako nimeirudisha palepale. Na hizi za mfukoni nazo nzima."

"Kwa hiyo 60,000 ni ya waya?"

"Waya ni 6,000. Bati na uchomeleaji 9,000. Inayobaki ni ya kutafuta."

Alicheka kidogo, akadhani natania. Akatoa 40,000, akasema iliyobaki tutaongea.

Mhariri, huyu ni mtu mwelewa, anafundisha hisabati. Ametoa 310,000 kwa sensa mbili asizozihitaji bila kubishana, kwa kuwa kila mara alipewa kitu cha kushika mkononi, kimoja kina boksi na lebo. Saa tatu nilizolala chini ya gari lake hazina lebo. Ndiyo maana nasema hasara hii haina mwizi. Mimi nikimuuzia mtu sensa napata faida ya 30,000 ndani ya dakika 20 na nashukuriwa. Nikiutafuta waya asubuhi nzima nabishiwa. Fundi kijana mwenye kodi ya fremu na mtoto shuleni, unadhani atachagua lipi? Anajua kabisa taa itarudi. Ikirudi, atasema spea za siku hizi feki.

Na sisemi haya kama mtu aliyezaliwa anajua. Mwaka wa tatu wa kazi nililetewa Toyota Noah iliyokuwa inazimika ikichemka. Ilikuwa sensa ya kranki, ile inayoiambia kontroli boksi kwamba injini inazunguka na imefika wapi. Ikinyamaza, hakuna moto wa plagi wala petroli, gari linakata kama umelizima kwa ufunguo. Waya wake ulikuwa umeungulia kwenye bomba. Nikauunga kwa risasi ya kuyeyusha, nikauzungushia tepu nyeusi raundi nyingi, nikajisifu. Wenyewe walikuwa wanakwenda Iringa msibani, na watoto.

Likawazimikia ndani ya hifadhi ya Mikumi, jua linazama. Wanaopita njia ile wanajua: pale hushuki ukafungua boneti, tembo wako hatua chache kutoka lami. Walikaa ndani, vioo juu, kama nusu saa. Injini ikapoa, likawaka. Wakaenda kidogo, likazima tena. Walifika Mikumi mjini saa 4 usiku, na baba wa ile familia akanipigia simu. Hakunitukana. Alisema, "Fundi, watoto wamelala njaa," akakata.

Gari lilipoburutwa kurudi kwangu niliifungua ile tepu. Gundi yake ilikuwa imeyeyuka ikawa kama lami, imeteleza, kiungo kiko uchi. Na waya ulikatika mahali pamoja hasa: pembezoni mwa risasi, pale shaba iliyogandishwa inapokutana na shaba laini. Risasi hufanya waya uwe kijiti. Injini inatetemeka, kijiti hakipindi, kwa hiyo waya wote unapindia pale mpakani mpaka unachoka. Ukichemka nyuzi zinaachana, ukipoa zinagusana, ndiyo maana asubuhi gari huwaka vizuri na fundi humwambia mteja "mbona halina kitu". Tena risasi ya kawaida ya mafundi redio, ya mchanganyiko wa madini ya bati na risasi, huanza kulainika kwenye nyuzijoto 183. Bomba la ekzosi linapita hapo bila hata kupanda mlima. Lipakie gari mizigo lipande mlima Kitonga kwa gia ya pili ndipo uone. Niliwarudishia hela yao na nauli ya basi. Yule baba hakurudi kwangu, na ningekuwa yeye nisingerudi.

Kwa hiyo nikiona kazi ya wenzangu sicheki sana. Nimekuta sensa ya oksijeni imeungwa kwa waya wa spika. Nimekuta waya wa nyumba, ule wa shaba moja nene, ambao ukitetemeshwa mwezi unakatika kama tambi mbichi. Nimekuta kiungo kimefungwa kwa mfuko wa Rambo, tena baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019, yaani kosa mara mbili. Nimekuta foili ya chipsi, na huyu angalau alikuwa na wazo la joto kichwani. Na nimekuta tepu nyeusi imebandikwa kwenye dashibodi juu ya taa ya cheki injini, kazi safi kabisa, imekatwa duara kwa wembe.

Jambo moja niwaambie mafundi wenzangu kuhusu sensa ya oksijeni, kwa sababu wengi hawakuambiwa. Ile sensa inapumua. Inalinganisha moshi wa ekzosi na hewa safi ya nje, na katika sensa nyingi hewa hiyo inaingia kwa kupenya ndani ya nyaya zake zenyewe, katikati ya nyuzi na mpira. Ukitia risasi au ukajaza grisi kwenye waya wa upande wa sensa, umeiziba pua. Itasema uongo na utaibadilisha, na mpya utaiziba tena. Bana kwa tamino. Halafu nyaya zake mara nyingi si shaba tupu, risasi inateleza juu yake tu bila kushika, kwa hiyo hata ukikaidi utakuwa umekaidi bure. Na ile ya kranki, nyaya zake zikiwa zimesokotana, zirudishe zimesokotana. Kule kusokotwa ndiko kunakozuia kelele za umeme wa plagi zisiingie kwenye taarifa yake.

Lakini turudi kwenye bati, maana mimi nalilaumu bati kuliko kitu chochote. Gari likifika miaka 15, bolti za lile bati zinaoza, linaanza kulia kama kopo lenye mawe. Mteja anakuja: "Fundi, kuna kelele, ondoa." Fundi anang'oa. Kelele imekwisha, mteja ameridhika, bati limeenda kwa wanunua chuma chakavu kwa bei ya soda. Miezi sita baadaye kuna mtu anabadilisha gasketi ya manifodi, klipu ya plastiki iliyokaushwa na joto inamvunjikia mkononi, anaiacha. Mwaka unaofuata taa inawaka. Hakuna kati ya hao watatu anayekumbuka alifanya nini, na wa nne ndiye anayeuza sensa. Nilimuuliza Mwalimu kama kuna wakati gari lilikuwa na kelele ya bati chini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Lilikuwa linanikera sana."

Ninachoomba ni kidogo. Gereji ziwe na bei ya kutafuta, itajwe kabla boneti haijafunguliwa, na ilipwe hata kama kilichopatikana ni waya wa sentimita 30. Mimi nimeanza, nimeandika kwa chaki kwenye ubao: kutafuta 35,000, kutengeneza tutapatana. Wiki ya kwanza watu wanne walisoma ubao wakaondoka. Mmoja alirudi Ijumaa akiwa na sensa mpya mkononi. Na mwenye gari, ukiambiwa sensa imekufa, mwombe fundi akuonyeshe alivyouona waya wake, na umuulize bati liko wapi. Kama hajui kulikuwa na bati, mshukuru, uondoke na gari lako.

Nina kopo la maziwa ya unga pale kwenye rafu lenye sensa zilizoachwa na wateja, zote nimezipima, nzima. Zile mbili za Mwalimu nimezifungia mpira nikaziandikia, kwa sababu aliondoka kwa haraka akazisahau, na namba aliyoniachia haipatikani. Taa haijawaka tena, najua, kwa kuwa namwona akipita asubuhi na honi anapiga. Akisoma hapa aje azichukue. Nafungua saa 2, Jumapili sipo. Na aje na ile 20,000.

Mama Fundi,
Kihonda, Morogoro.
(Jina langu kamili na namba ya simu nimemwachia mhariri.)